Kocha wa Nje ya Kamba

Michezo ya muhula wa pili ya shule za upili ikifika ngazi ya kaunti huku Kwale, kocha wa mtaani husimama nje ya kamba pamoja na watazamaji wengine. Hana beji shingoni, na benchi si lake. Uwanjani wamo watoto aliowafunza wakiwa wadogo, lakini wamegawanyika: hawa wa Waa, wale wa Shimba Hills, wanakabana kana kwamba hawakuwahi kugawana embe moja. Kwa kuwa hajui ashangilie upande gani, hushangilia pasi.

Mabao humpita hivi hivi, maana yeye anatazama shingo. Kiungo aliyelelewa vizuri hugeuka kutazama huku na huku kabla mpira haujamfikia, na anapoupokea tayari anajua pa kuupeleka. Tabia hiyo ni ngumu kuipanda kwa kijana wa miaka 16. Hupandwa akiwa na miaka 8 au 9, Diani, maji yakipwa, wakati ufuo unapokuwa uwanja kwa saa chache kabla bahari haijarudi kudai chake. Mchanga mkavu huukaba mpira, na ule mbichi ulioshikana huutelezesha. Aliyejifunza kutuliza mpira hapo, ukimpa nyasi ni kama umempunguzia kazi.

Muda wenyewe ni mfupi, baina ya alasiri na magharibi, na hata huo kocha anagawana na ustadhi na akina mama wenye watoto wa kutuma. Kocha wa pwani asiyeijua ratiba ya chuo cha Kurani hamalizi wiki mbili.

Filimbi ya mwisho ikilia, winga anamjia mbio, jezi imelowa.

“Shikamoo, kocha. Umeniona?”

“Marahaba. Nimekuona. Mguu wa kushoto bado unauficha.”

Kijana anacheka. Hakuna mwingine uwanjani ambaye angemwambia hivyo siku aliyofunga.

Wako pia makocha wa watoto wa namna nyingine, nami siwasifu. Huwakusanya waliowahi kurefuka, wakawaamuru wabutue mbele, wakabeba vikombe vya chini ya miaka 13. Miaka mitatu baadaye wenzao wamewafikia kimo, na mtaji wao wote umekwisha. Kocha mwenye ufundi humvumilia yule mfupi anayepokonywa mpira kila mara, kwa kuwa ameona kwamba hata anapopokonywa huwa ameshachagua pasi iliyo sahihi.

Kwa wasichana ufundi huu huanzia mlangoni. Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwaingiza wasichana kwenye soka tangu 2001, na yeyote aliyejaribu kazi hiyo pwani anajua kwamba kabla ya mpira kuna baba, kuna bibi, na mara nyingine kuna mjomba aliye Mombasa anayepaswa kupigiwa simu. Ukimwona msichana wa Msambweni na hijabu yake na suruali ndefu, anapiga krosi akiwa na jezi ya shule, ujue kuna mtu aliyebisha hodi kwao zaidi ya mara moja, akakaa jamvini, akanywa chai, akasikiliza.

Malipo? Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa ng’ambo, igawiwe klabu zilizomlea. Lakini hesabu huanza mwaka anaotimiza miaka 12, na wanaolipwa ni klabu zilizosajiliwa. Aliyemshika mkono akiwa na miaka 8, chini ya mkorosho, hamo. Mwalimu wa alifu naye yuko hivyo hivyo: siku ya kukhitimu, macho yote huwa kwa mwingine.

Mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameanza masomo, na miongoni mwa mikondo yao umo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni hatua njema, ila mwanafunzi wa mkondo huo anafika darasani akiwa ameshafundishwa nusu ya somo na mtu ambaye shule haimjui hata kwa jina.

Basi, walimu wa michezo wa Kwale, kabla ya kupanga kikosi, mtafuteni. Atawaambia winga wenu mpya aliumia goti lipi, mguu gani anauficha, na nani kikosini hachezi tena akikemewa mbele ya wenzake.