Wimbo wa Siku ya Hasira na Tumaini la Mkristu

Wazee wa parokia zetu wangali wanaukumbuka wimbo wa Kilatini wa Misa ya wafu, padri akiwa amevaa mavazi meusi: Dies irae, maana yake Siku ya hasira. Tangu kitabu cha Misa cha mwaka 1970 wimbo huo haumo tena katika Misa hiyo. Wengine wanausikitikia. Wengine wanasema: Heri, maana ulitutisha bure. Tuupime vema, kwa kuwa wimbo wa maziko huonyesha tunachokitumaini.

Wimbo huu una miaka zaidi ya 700. Wengi wamesema mtungaji wake ni Tomaso wa Celano, mfuasi wa Mtakatifu Fransisko, lakini si hakika. Beti zake ni za mistari 3, na vina vyake vinagonga kama kengele ya msiba. Mwanzoni kuna moto, tarumbeta, makaburi, na kitabu kisichoficha neno. Je, ni kutisha tu? Hapana. Katikati mwimbaji anamgeukia Yezu: anamkumbusha jinsi alivyochoka akimtafuta, alivyomsamehe Maria, alivyomsikiliza mnyang'anyi msalabani. Basi hata mwenye dhambi huyu amepewa tumaini. Hapo ndipo uzuri wake. Tena katika Misa ileile, tangu mwaka 1919, Prefasio ya wafu ilifundisha kwamba uzima wa waamini haukomi, bali hugeuzwa. Anayesema kwamba Misa ya zamani haikuwa na tumaini anakosea.

Kasoro ya wimbo ni nyingine. Sehemu yake kubwa husema "mimi": mimi nitajitetea namna gani? Mwishoni tu ndipo wafu wanaombewa. Ni sala ya mtu aliye hai anayejitayarisha kufa. Lakini mama anayemzika mtoto wake anahitaji kusikia kwanza kwamba Kristu amefufuka. Kwa sababu hiyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza ibada ya maziko ionyeshe wazi zaidi Pasaka katika kifo cha Mkristu, na ipatane na desturi za kila nchi. Wala wimbo haukutupwa: unaweza kuimbwa katika Sala ya Vipindi, juma la 34, lile la mwisho kabla ya Majilio. Huko unapafaa kweli.

Lakini tujihadhari tusiondoe hukumu na kuweka sifa mahali pake. Katika vilio vingi msemaji humsifu marehemu hata ungedhani amekwisha kutangazwa mtakatifu. Kanuni za Misa zinakataza mahubiri ya maziko yasiwe hotuba ya sifa. Kwa nini? Tukisema marehemu ameingia mbinguni kwa wema wake, nani atamwombea tena? Na yule aliyemzika mlevi au mgomvi atatumaini nini? Mkristu hatumaini kwa kuwa marehemu alikuwa mwema. Anatumaini kwa kuwa Yezu ni mwema.

Basi, kwenye maziko tulie, maana Yezu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro. Tumwombee marehemu, tuimbe ufufuko. Na Majilio yakikaribia, tuchukue wimbo ule wa wazee, tuusali kwa ajili yetu wenyewe, tungali hai.