Kanuni za Ukaguzi na Jina la Lipingo

Watunzaji wa kumbukumbu za viumbe huandika maelezo ya kila kielelezo katika muundo wa XML, na maelezo hayo huitwa metadata. Ili kazi za watu wengi zilingane, huandikwa kwanza wasifu, yaani hati isemayo vipengele vipi vitumike, vipi ni vya lazima na thamani zipi zikubaliwe. Kisha programu huusoma wasifu huo ikazitoa kanuni za ukaguzi, bila mtu kuziandika moja moja kwa mkono. Faida yake si ndogo, maana wasifu ukibadilika, kanuni nazo hubadilika, wala hazipatikani hati mbili zipinganazo.

Walakini kanuni zilizozaliwa hivyo haziwezi kumzidi mzazi wao. Na uchukuliwe mfano wa mbasa aliyevuliwa Lipingo, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Kiwango cha Darwin Core, kilichoidhinishwa mwaka 2009, chataka latitudo iwe kati ya -90 na 90. Lipingo iko kusini ya Ikweta, yapata nyuzi 11. Mwandishi akisahau alama ya kutoa, namba yake hupita salama, na samaki yule huonekana kavuliwa katika nchi kavu ya Sudani, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mashine haikukosea; iliulizwa kama namba imo ndani ya mipaka, ikajibu.

Majina ni mtihani mkubwa zaidi. Lupingu ya Ludewa, iliyo upande wa kaskazini wa ufuko uo huo, yatofautiana na Lipingo kwa irabu mbili tu. Orodha ya majina halali ikiwa nayo yote mawili, kosa la kuandika moja badala ya jingine halitagunduliwa. Tena Lipingo ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Wasifu uifungao Lipingo na Nyasa peke yake utaikataa kumbukumbu ya mwaka 1995 isemayo Mbinga, nayo ilisema kweli. Karani mwenye haraka ataandika Nyasa ili apite, na hapo ndipo penye hasara yenyewe: ukaguzi utakuwa umemfundisha kughushi.

Dawa ipo. Lugha ya Schematron, iliyo kiwango cha ISO, huruhusu kanuni zenye masharti, kwa mfano wilaya kupimwa pamoja na tarehe. Tena yaweza kutumiwa kutoa onyo pasipo kukataa. Lakini programu haitayabuni masharti hayo ikiwa wasifu umetaja tu vipengele vya lazima na aina za thamani. Hapana budi yaandikwe humo na mtu aijuaye historia ya mahali. Darwin Core yenyewe ina kipengele cha kunakili maneno ya mahali kama yalivyokutwa kwenye kibandiko cha kielelezo. Wasifu ukikifanya cha lazima, neno Mbinga la mwaka 1995 litabaki lilipoandikwa, hata jina la wilaya libadilike mara ngapi.