Askari Aliyefia Sachsenhausen: Maombolezo na Haraka katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah

Riwaya ya Afterlives (2020) husomwa zaidi kama riwaya ya ukoloni wa Kijerumani Afrika Mashariki. Usomaji huo ni sahihi, ila unaishia pwani. Kurasa za mwisho zinatuhamishia Ujerumani na kuibua swali jingine: katika jamii ambayo raia wengi wana asili ya ughaibuni, nani huombolezwa, na kwa sifa ipi?

Ilyas, askari aliyewapenda Wajerumani kuliko walivyompenda yeye, anafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Anayegundua habari hizo ni mpwa na somo wake, akiwa masomoni Bonn.

Hatima hiyo yafanana mno na ya mtu halisi. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Berlin kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari. Alitumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko Berlin alikuwa mhudumu, mwigizaji wa sinema na, jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, mwalimu wa Kiswahili chuoni. Alikamatwa mwaka 1941, akafia Sachsenhausen mwaka 1944. Tangu 2007 kijiwe chenye jina lake kimelazwa kandokando ya barabara jijini humo, miongoni mwa vijiwe ambavyo vingi vina majina ya Wayahudi.

Kijiwe hicho kinamkumbuka mhanga. Hata hivyo, jeshi lilelile ndilo lililozima Maji Maji (1905–1907), ambako maelfu kwa maelfu waliangamia, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa kwa makusudi. Mjukuu wa waliokufa Ungoni, akihamia Berlin leo, atasimama vipi mbele ya jina la askari? Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023. Swali hilo halikwisha siku hiyo. Kumwongeza Mwafrika mmoja katika orodha ya wahanga bado si kuijumuisha historia yake.

Hapa Gurnah anakishinda kijiwe, kwa kuwa anatuonyesha kwanza bidii ya Ilyas ya kuvaa sare. Udhaifu wake ni haraka. Majeraha ya Hamza yanapewa sura nzima nzima, ilhali kambi inapitiwa mithili ya taarifa ya ofisini. Huenda akatetewa kwamba nyaraka zenyewe ni fupi. Sikubaliani: nyaraka humfunga mwanahistoria, si mtunzi wa riwaya.

Nami sina usafi wa kumlaumu. Katika somo langu la historia ya taaluma ya Kiswahili niliwataja Meinhof na Westermann kwa miaka mingi. Husen, aliyekuwa akiwatamkisha Wajerumani lugha hii darasani, nilikutana naye kupitia riwaya ya Kiingereza.