Nguzo za Kilwa na Mashairi Yetu

Washikaji, tuseme ukweli. Vijana wa Buhemba tukitaka kuisifu Afrika kwa kalamu, mbio hadi Misri: nguzo 134 za Karnak, ua mpana, Farao! Mimi pia nimo. Shairi langu la kwanza lilikuwa na nguzo nyingi kuliko mawazo.

Kumbe Kilwa Kisiwani tunazo. Ikulu ya Husuni Kubwa ina nyua zake na bwawa la pembe nane. Lakini kinachonigusa mimi ni Msikiti Mkuu. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kwa nguzo za matumbawe, kila moja jiwe zima. Zilipendeza, ila hazikudumu. Karne ya 15 mafundi wakajenga upya: mawe madogo madogo, chokaa, pembe nane, juu matao na kuba. Hizo ndizo anazozikuta mgeni leo.

Hapo ndipo tunapokosea. Labda dhahabu ya hapa imetuharibu. Kila mtu anatafuta bonge moja linalong'aa. Tunasaka mstari mmoja wa kutikisa ukumbi, beti nyingine tunazijaza ilimradi vina vikubali. Watu wanapiga makofi, kesho shairi limeanguka.

Tuanze na mawe madogo, jamani: neno la nyumbani, neno la jirani, chokaa ya kutosha katikati. Na ua uwepo, msomaji apate hewa. Lile langu la Farao nimeshalichana.