Shajara au Kompyuta Ndogo?

Ni rahisi kwa mfasiri kuviita vyombo vyote vya kiganjani vya miaka ya 1990 "kompyuta ndogo". Istilahi hiyo hupima umbo, haielezi kazi. Newton ya Apple, iliyotoka mwaka 1993, ilijaribu kusoma mwandiko wa kawaida, ikakosea mara nyingi. Pilot ya mwaka 1996 ilimtaka mtumiaji ajifunze herufi maalumu, ikatunza miadi na anwani zake. Hiyo yastahili kuitwa "shajara ya kielektroni". "Kompyuta ndogo" iachiwe vyombo vya Windows CE, mfumo wa mwaka huohuo ulioiga sura ya kompyuta ya mezani. Mfumo wa uendeshaji ndio uamuao jina, wala si ukubwa. Mwalimu akichanganya istilahi, mwanafunzi atachanganya vitu.