Chomoa Kioo Kwanza

Muuzaji wa laptopu za kuchomolewa kioo huiweka mezani ikiwa imeunganishwa, imefunguliwa, imefutwa vumbi, na picha ya bahari imejaa skrini. Ikiwa hivyo hupendeza, na ikiwa hivyo huficha mengi. Kompyuta ya aina hii ni mashine mbili, kishikwambi chenye kioo na kitako chenye kibodi, zinazoshikana kwa pini chache na sumaku au kufuli, na aliyeikarabati kwa haraka hushughulikia kile kinachoonekana zikiwa pamoja: husafisha kibodi, hung'arisha mfuniko, husakinisha Windows upya, halafu huiita daraja A. Kwa hiyo ombi la kwanza dukani, kabla hujauliza RAM wala bei, liwe hili: chomoa kioo, weka kitako pembeni, nipe kishikwambi peke yake.

Akianza kutafuta sababu, umeshajibiwa.

Nitakaa zaidi kwenye Surface Book ya Microsoft, maana ndiyo iliyoufikisha ufundi huu mbali kuliko nyingine, na ndiyo inayojua kuficha uzee wake. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2015, ya pili Novemba 2017, ya tatu Mei 2020. Hufika Kariakoo, Dar es Salaam, na barabara ya Luthuli, Nairobi, baada ya kutumika maofisini Ulaya au Marekani, mara nyingi zikipitia Dubai. Kioo chake katika toleo la kwanza ni cha inchi 13.5 chenye pikseli 3000 kwa 2000, na ndani yake ndimo kilimo kichakataji, kumbukumbu, diski, pamoja na betri ndogo ya takriban Wh 18. Kitako kimebeba kibodi, matundu ya USB, betri kubwa ya takriban Wh 51 na, kwa matoleo ya bei ya juu, kadi ya picha ya NVIDIA. Ukishalijua hilo, unajua unanunua nini hasa: unanunua kishikwambi, na kitako ni msaidizi wake. Kitako kikifa, kompyuta bado unayo, tena chaja inaingia kwenye tundu lilelile la chini ambalo kishikwambi hushikania na kitako. Kishikwambi kikifa, umebaki na kibodi nzito.

Anza na betri, na uanze na ile ndogo. Alama ya betri kwenye kona ya skrini haina maana hapa, kwa sababu zikiwa zimeunganishwa ile kubwa humbeba mwenzake. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Utaona betri mbili, kila moja na uwezo iliozaliwa nao na uwezo iliobaki nao. Idadi ya mizunguko ya kuchaji wakati mwingine haiandikwi au huonyesha sifuri, usihangaike nayo. Linganisha uwezo ule wa aina mbili. Kwangu mimi, betri ya kishikwambi iliyobakiza asilimia 80 ni nzuri kwa mashine ya umri huu, na ikishuka chini ya 60 sitoi bei ya kompyuta ya kuchomolewa kioo, natoa bei ya laptopu ya kawaida tu. Kumbuka kwamba hata kilipokuwa kipya kipande hicho kilidumu saa tatu hivi. Ukipunguza hapo karibu nusu, unapata muda wa kusoma ripoti moja mkutanini kabla hujarudi kutafuta kitako.

Ripoti haisemi kama betri imevimba, na hapo kifaa hiki ni hatari kuliko laptopu ya kawaida. Betri ya laptopu ikivimba huinua padi ya kipanya au mfuniko wa chini. Betri ya kishikwambi inakisukuma kioo chenyewe. Zima skrini, kiinue kishikwambi usawa wa jicho, tazama taa ya dari ikijiakisi juu yake. Mstari wa taa ukipinda mahali, kioo kimeinuka. Pitisha ukucha au kadi ya simu kwenye ukingo pande zote nne, isiingie popote. Kisha washa, fungua ukurasa mweupe mtupu, tafuta doa lenye mwanga mwingi kuliko sehemu nyingine, kwani mgandamizo kutoka nyuma huacha alama hiyo mapema, kabla kioo hakijaanza kuachia. Betri iliyovimba haiombewi punguzo. Inarudishwa mezani.

Sasa kiungo chenyewe. Kufuli la Surface Book haliendeshwi na mota: ndani mna nyaya za aloi ya nikeli na titani ambazo hupata moto kidogo umeme ukipita, zikajikunja na kuachia ndoana. Ndiyo maana kufunguka kunahitaji chaji na kunahitaji ruhusa ya programu. Bonyeza kitufe cha kuchomolea kilicho juu ya kibodi upande wa kulia, subiri taa yake iwe ya kijani, usikie mlio mdogo, ndipo uinue. Kioo kinapaswa kutoka bila kuvutwa. Rudia mara kadhaa, na mara moja kigeuze, kitazame nje, ukirudishe hivyo, kwa sababu kimeundwa kukubali pande zote mbili. Kikikataa ukiwa umefungua mchezo au programu ya video inayotumia kadi ya NVIDIA, hilo si kosa. Mashine inalinda kazi yako. Kikikataa bila kitu chochote kufunguliwa na betri zikiwa zimejaa, ni kosa.

Baada ya kukirudisha, angalia kwenye orodha ya vifaa vya Windows kama kadi ya picha imerudi, kama unauziwa yenye kadi. Fungua programu ya kuandikia, andika sentensi ndefu huku mkono mwingine ukikitikisa kioo taratibu mbele na nyuma. Herufi zikiruka, au ikitokea taarifa kwamba kitako kimetengana, pini zimechakaa au zimechafuka. Uchafu fundi anauondoa kwa spiriti kwa dakika chache; pini iliyozama ndani ni habari nyingine. Kuna mambo mawili ambayo mnunuzi mgeni huyalalamikia bila sababu: kioo kuyumba kidogo ukikigusa, na uwazi unaobaki karibu na bawaba ukiifunga. Surface Book ya kwanza na zilizoifuata zilizaliwa hivyo. Kinachotakiwa ni uwazi huo uwe sawa kushoto na kulia. Ukitofautiana, kuna siku mashine hii ilianguka.

Aina nyingine za kundi hili, kama Surface Pro, ThinkPad X1 Tablet, HP Elite x2 na Dell Latitude 5285, hazina kufuli. Zinashikana kwa sumaku, na kibodi yake ni kifuniko chembamba. Huko tazama mguu wa nyuma: usimame kila pembe unapouachia, usiteleze. Tazama pia mkunjo wa kibodi, mahali kitambaa huanza kuchanika. Kibodi iliyochoka hubadilishwa kwa urahisi, mradi ujue inaoana na nini. Ya Surface Pro 7 hukubali Pro 4, lakini haikubali Pro 8.

Halafu ipe joto. Wauzaji wengi huwasha mashine dakika tano, na dakika tano hazisemi kitu. Cheza video ya ubora wa juu kwenye kishikwambi kilichochomolewa kwa muda wa kunywa chai bila haraka. Surface Pro 4 ndiyo iliyonifundisha kusisitiza hili: baadhi yake skrini ilianza kutetemeka ikishapata moto, wenye nazo wakafikia kuziweka kwenye friza ili zitulie, na mwaka 2018 Microsoft ilikubali kuzibadilisha zile zilizokuwa na tatizo ndani ya miaka mitatu tangu kununuliwa. Muda huo umepita zamani. Inayotetemeka leo ni ya kwako milele.

Mguso unajaribiwa kwa kidole kimoja: shika alama yoyote ya skrini na uiburute polepole kutoka kona hadi kona, kisha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Ikidondoka mahali palepale kila mara, pana ukanda uliokufa. Kalamu nayo ijaribiwe kwa rula, ukichora mistari ya mshazari taratibu sana. Mawimbi madogo ni tabia ya kalamu hizi, ila mkatiko haukubaliki. Wasiochora wala kuandika kwa mkono waruke hatua ya kalamu, ila wasiruke ya kidole.

Linalowauma watu kuliko yote halionekani kabisa. Mashine iliyotoka ofisini inaweza kuwa bado imesajiliwa na kampuni iliyoimiliki. Muuzaji ameisakinisha Windows bila intaneti, akaunti imetengenezwa, kila kitu kinafanya kazi. Miezi miwili baadaye unairudisha kwenye hali ya kiwandani nyumbani, unaunganisha Wi-Fi, na ukurasa unaokukaribisha una jina la kampuni ya Manchester au Rotterdam na unadai anwani ya barua pepe ya mfanyakazi wao. Dawa yake ni kuifanya hatua hiyo kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji airudishe kiwandani usiku, ukija asubuhi uikute imesimama kwenye ukurasa wa kuchagua nchi, halafu uunganishe na intaneti ya simu yako mwenyewe, si ya dukani. Ikipita hapo bila kutaja jina la kampuni, izime, ushikilie kitufe cha kuongeza sauti na kubonyeza cha kuwashia, uingie kwenye mipangilio ya UEFI. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache.

Kuhusu Windows yenyewe, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kichakataji cha kizazi cha nane kwenda juu. Surface Book ya kwanza ina kizazi cha sita, haimo. Surface Book 2 ndiyo yenye mtego: zenye i5-8350U au i7-8650U zinakubaliwa, ile yenye i5-7300U haikubaliwi, ingawa kwa macho zinafanana. Ukikuta Windows 11 juu ya mashine isiyostahili, mtu amepita dirishani. Itafanya kazi, lakini bei iakisi hilo.

Kabla hujaamua, mpigie fundi wako umuulize amewahi kufungua mashine ya namna hiyo. iFixit, tovuti ya matengenezo ya vifaa, waliipa Surface Book ya 2015 alama 1 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka, kwa sababu kila kitu kimegandishwa kwa gundi na kuifikia betri ya kishikwambi ni kukipasha moto kioo ukiomba kisipasuke. HP Elite x2 1012 ya kwanza waliipa alama zote 10. Kioo kimefungwa kwa skrubu na diski inatoka. Haina uzuri wa Surface Book, na kichakataji chake cha Core m si cha kuhariri video. Kwa mtu wa Mtwara au Kisii ambaye sehemu za kubadilishia atasubiri wiki kadhaa, mimi nitampa hiyo au ThinkPad kila siku, na Surface Book nitamwachia anayechora.

Mengine ni ya haraka. Zilizotoka Ujerumani au Ufaransa huwa na mpangilio wa herufi wa huko, wakati mwingine umefunikwa kwa stika. Kwa mnunuzi wa Bujumbura au Goma kibodi ya Kifaransa yaweza kuwa bahati, kwa wa Dodoma ni kero. Chaja iwe ya wati zinazotakiwa: Surface Book 2 yenye kadi ya picha ilikuja na ya wati 102, ukipewa ya 65 betri inaweza kupungua huku imechomekwa, kazi ikiwa nzito. Na kwa kuwa kishikwambi na kitako kila kimoja kina namba yake ya utambulisho (serial number), risiti iandikwe namba zote mbili, na dhamana itaje vipande vyote viwili pamoja na chaja, si "laptopu moja".