Sabufa Mbili, Amplifaya Moja: Jinsi ya Kuitambua Kazi ya Fundi

Fundi akimaliza kufunga sabufa hufungulia muziki mpaka vioo vitetemeke. Mwombe azime kwanza. Mngurumo wa siku ya kwanza haukwambii kitu, kwa sababu hata amplifaya inayoelekea kuungua hunguruma vizuri. Ndani ya matatu ya Nairobi, muziki ukilia tangu alfajiri, kosa la fundi litajulikana kwa harufu.

Anza na hesabu. Tuseme sabufa ni mbili, kila moja ina koili mbili za omu 2. Fundi mzuri huunga koili za kila sabufa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, apate omu 4. Kisha huziweka sabufa zote mbili sambamba, na amplifaya ikabaki na mzigo wa omu 2. Asiyejua huunga koili zote nne sambamba. Mzigo unashuka hadi nusu omu, na amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni omu 1 inapata moto, inajizima, au inakufa kabisa. Wengine hudanganywa na jozi mbili za matundu ya spika wakidhani ni chaneli mbili. Kwa amplifaya nyingi za mono, jozi hizo zimeunganishwa ndani kwa ndani. Ukiweka sabufa moja huku na nyingine kule, bado umeziunga sambamba.

Usiridhike na maneno. Chomoa nyaya za sabufa kwenye amplifaya, gusanisha ncha za mita uone inasoma ngapi, kisha pima nyaya na utoe kiasi hicho. Jibu liwe chini kidogo ya 2. Likiwa chini ya 1, kazi irudiwe.

Halafu chukua betri ndogo ya volti 1.5, uguse nazo nyaya hizo hizo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Koni zote mbili ziruke nje kwa pamoja. Moja ikizama ndani, besi zitauana, na hakuna kuongeza sauti kutakakoziokoa.

Waya nao ukague kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Aluminiamu iliyopakwa shaba ikikwanguliwa huwa nyeupe, na hiyo inataka waya mnene zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri ya gari, kwani kazi yake ni kuulinda waya mzima usishike moto. Waya wa bodi uwe mfupi, mnene sawa na wa chanya, umekazwa kwa nati mahali rangi ilipokwanguliwa mpaka bati likang'aa. Mimi hapo ndipo ninapompimia fundi uvumilivu wake.

Sasa rudisha nyaya za sabufa kwenye amplifaya, ufungulie muziki. Besi ikipiga kwa nguvu, pima volti kwenye betri ya gari, kisha kwenye amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kuna kiungo kilicholegea. Usimalizie malipo mpaka kasoro hiyo ipatikane.